DARAJA LA MALABA: Sala ya Kufunga Mkutano

"Mama, wewe si mdau."

Hapo ndipo tulipomwacha Akwii juma lililopita. Amesimama mlangoni pa ukumbi wa kanisa, Malaba, mkono wa bawabu Ogweno umeziba njia, na ndani mkutano wa kuwashirikisha wananchi unaendelea vizuri kabisa bila wananchi.

"Mdau ni nani?" Akwii aliuliza.

Ogweno alitazama juu kidogo, akatafuta jibu alilofundishwa asubuhi. "Mdau ni mtu ako na kadi."

"Na kadi inapatikana wapi?"

"Kadi inapewa wadau."

"Sasa mimi nitakuwa mdau aje?"

"Hiyo sasa ungeuliza kwa mkutano," Ogweno alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameambiwa achuje watu, naye alikuwa anachuja.

Kwa msomaji aliyepanda gari hili leo, habari ni fupi. Barabara kuu inayokwenda mpakani itapanuliwa. Itakuwa na njia nne na ukuta wa saruji katikati, ili malori yafike Uganda bila kusumbuliwa na watu wanaoishi kando yake. Watu hao nao hawakusahaulika. Wataalamu kutoka Nairobi wamewapangia daraja la kuvukia kwa miguu.

Daraja moja, kwa mji mzima. Na daraja hilo limeangukia mbele ya kituo cha mafuta cha Morris, penye gesti ya Morris na baa ya Morris. Morris ndiye mwenyekiti wa kamati ya wadau, lakini hayo mambo mawili hayahusiani. Ni bahati tu, na bahati humpenda Morris sana.

Shule ya msingi iko mbali na hapo, juu kabisa, geti lake likitazamana na boma la Akwii ng'ambo ya lami. Ni boma aliloachiwa na marehemu mumewe Egesa, ambaye amezikwa humo humo, mbele ya nyumba. Mtakumbuka Morris alilitaka boma hilo aegeshe matrela, akaambiwa kaburi haliuzwi, akaondoka akicheka. Morris huwa anacheka anaponyimwa.

Mbele ya geti hilo la shule ndipo trela lilipomkanyaga mguu Sheilah, bintiye Akwii, mwaka jana. Sasa Sheilah anavuka kila asubuhi kwa magongo mawili. Ukuta ukijengwa, atalazimika kuteremka mpaka kwa Morris, apande ngazi, ashuke ngazi, halafu apande tena mlima mpaka shuleni, kwa magongo hayo hayo. Akifika, wenzake watakuwa wanatoka kwa mapumziko.

Akwii alitaka jambo moja tu, daraja lihamishiwe shuleni. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maoni.

Hakubishana na Ogweno. Alizunguka nyuma ya ukumbi, jikoni, mahali moshi ulikokuwa unatokea.

Apolot, rafiki yake wa chama cha akina mama, alikuwa ameinamia karai la mandazi, jasho likimtiririka. Wadau wanakula sana, pengine kwa sababu ya kuwaza sana.

"Nipe hiyo chupa ya chai," Akwii alisema.

"Wewe hukuitwa kupika."

"Sikuitwa kufanya kitu chochote, Apolot. Nipe chupa."

Apolot alimtazama, akaifuta chupa kwa leso yake, akampa. Akaongeza na sahani ya mandazi, maana hakuwa mtu wa kufanya mambo nusu nusu.

Akwii alirudi kwa mlango ule ule, kwa bawabu yule yule.

"Pita haraka mama," Ogweno alisema, akaufungua mlango wote. "Watu wako na njaa huko ndani."

Hakumuuliza kadi wala jina. Katika miaka yote ambayo serikali imekuwa ikitafuta njia ya kumfikisha mwanamke mkutanoni, jawabu lilikuwa chupa ya chai.

Ndani kulikuwa kumejaa. Mbele walikaa watu wa suti. Nyuma yao walikaa wananchi, safu kwa safu, kila mmoja na kofia mpya nyeupe. Akwii aliwamiminia chai mmoja mmoja, na kadiri alivyomimina ndivyo alivyozidi kushangaa. Yeye amezaliwa hapa, ameolewa hapa. Mbona hawa wananchi hata sura zao hazijui?

Kisha akamwona mmoja anayemjua. Alikuwa yule muuza chapati wa upande wa pili, anayekaanga mayai pale mkono wa kushoto ukishavuka mpaka kuingia Uganda.

"Ssebo, wewe umekuwa mtu wa Kenya tangu lini?" Akwii alimnong'oneza.

"Tangu asubuhi, nyabo." Alinyoosha kikombe. "Walikuja na gari, wakasema kuna mkutano na chakula. Kazi ni kukubali. Mimi nimekubali tu."

"Umekubali nini?"

"Simanyi, sijui mimi. Wakiuliza, nakubali. Ongeza sukari kidogo."

Akwii alitazama safu zile za kofia. Alikuwa amejiandaa kubishana na majirani zake. Hakuwa amejiandaa kubishana na Uganda.

Mbele, emsii alikuwa ameshika maiki. Huyu aliitwa Paulinus, mtu wa kusimamia harusi huko Busia mjini, aliyekodishwa kwa siku hiyo kwa sababu ya sauti yake. Malaba hakuijua, na hakuona kama hilo linahusiana na kazi.

"Wapendwa wadau," alisema Paulinus, "wale wanakubali daraja ikae hapo kwa petroli steisheni, nione mikono."

Kofia zote zikainua mikono. Muuza chapati aliinua ule wenye andazi.

"Na wale wanakataa?"

Akwii aliinua mkono. Ulikuwa mkono mmoja katika ukumbi mzima, umenyooka, unaonekana wazi. Paulinus aliuona, akatabasamu.

"Mama wa chai, pole pole, hata hao wa nyuma watafikiwa," alisema. "Hakuna anayekataa. Iandikwe hivyo."

Watu wakapiga makofi. Akwii alibaki na mkono juu, kisha akaushusha, kwa sababu mkono huo mmoja ndio uliokuwa na kazi ya kubeba sahani. Aliumia. Alijiona mjinga, na alimwona Sheilah akiteremka mlima ule kwa magongo, kesho na kesho kutwa, mpaka atakapokuwa mtu mzima.

Pembeni, nyuma ya kamera iliyosimama kwa miguu mitatu, alikuwa Brendah, msichana mtaalamu aliyetumwa kutoka Nairobi. Kazi yake ilikuwa kunasa kila kitu. Alimpungia Paulinus mkono, na kwa kuwa Akwii alikuwa hapo hapo akimimina chai, alisikia yote.

"Kuna shida," Brendah alisema. "Wafadhili wa barabara wanataka video nzima, kutoka sala ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kukata. Ikikatwa mkutano haujafanyika, tunaanza upya."

"Haitakatwa. Shida ni gani?"

"Hakuna mwanamke ameongea."

Paulinus aligeuka ukumbini kama mtu aliyesahau mke sokoni. Akakimbilia kwa Morris, mwenyekiti, aliyekuwa mstari wa mbele, simu sikioni, akiuliza mtu fulani bei ya nondo.

"Mwenyekiti, tunahitaji mwanamke aongee."

Morris hakuinua uso. Alifunika simu kwa kiganja. "Si uweke mama mmoja afunge na maombi? Hiyo ni kuongea. Chagua yeyote, tukakule." Akarudi kwenye nondo zake.

Sasa huo ndio utaratibu wetu, na mgeni asicheke. Mkutano wa Malaba hauanzi bila sala na hauishi bila sala. Mwanamke ana nafasi yake humo, tena kubwa: hufungua, hufunga, na katikati hupakua.

Macho ya Paulinus yalizunguka. Brendah alikuwa na kamera. Kofia zote zilikuwa juu ya vichwa vya wanaume. Alibaki mama wa chai.

"Mama, weka hiyo chupa chini," alisema. "Njoo utufungie na maombi. Fupi tu."

Akwii aliweka chupa chini. Alitembea mpaka mbele, akapokea maiki, na hapo ndipo Morris alipoinua uso kutoka kwa simu. Alimtambua. Alifungua mdomo.

"Tusimame, tufunge macho," Akwii alisema.

Ukumbi ukasimama, kofia zikavuliwa. Morris naye akasimama, mdomo ukiwa bado wazi. Angefanya nini? Mtu anayemkatiza mama katikati ya sala hapa kwetu atatajwa kwa jambo hilo mpaka siku ya mazishi yake, na siku hiyo ndiyo litatajwa zaidi.

"Baba Mungu, tunakushukuru kwa siku ya leo," Akwii alianza. "Tunakushukuru kwa wageni wetu umewatoa Nairobi salama. Tunakushukuru kwa hawa ndugu zetu umewavusha mpaka, na utawavusha tena jioni."

"Amina," alisema muuza chapati.

"Baba, wewe hujawahi kuuliza mtu kadi. Ndiyo maana nakuja kwako."

Watu wa suti walijikunja kidogo.

"Unaijua hii barabara, Baba. Unaijua ile shule na geti yake. Uliona ile trela mwaka jana, kwa sababu wewe ulikuwa hapo, na hawa walikuja baadaye kupima na kamba. Unajua mguu wa mtoto wangu Sheilah. Baba, wanaweka ukuta. Wanataka huyo mtoto ateremke mpaka chini, kwa magongo, apande tena. Wewe ungepanga hivyo?"

Kutoka jikoni alisikika Apolot akivuta makamasi.

"Sasa Baba, tunaomba hiyo daraja. Usiiache kwa petroli steisheni ya mtumishi wako Morris."

"Amina," Morris alisema kwa sauti ya juu, sauti ya kufungia.

Hapo alikosea vibaya, na kosa hilo angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu. Alisahau kwamba amina ya katikati haifungi sala. Inaichochea.

"Amina," ukumbi ukajibu.

"Asante mwenyekiti," Akwii alisema, macho yamefungwa. "Umemsikia, Baba, hata yeye amekubali. Hamisha hiyo daraja."

"Amina," Morris alisema tena, kwa hasira.

"Amina," wakajibu, safari hii wakipaza sauti. Kofia zile ziliambiwa zikubali, na kazi waliijua. Muuza chapati aliinua mikono yote miwili.

"Ipeleke shuleni."

"Amina."

"Watoto wavuke juu, trela ipite chini."

"Amina."

"Na yeyote atakayeirudisha kwa mafuta, Baba, utajua wewe mwenyewe utamfanya nini, sisi hatutaki kukupangia. Katika jina la Yesu."

"Amina." Ukuta wa mabati ulitetemeka.

Macho yakafunguka. Paulinus alikuwa analia kidogo, hajui kwa nini. Harusi zilikuwa zimemzoesha.

"Hiyo ni sala," Morris alisema akijifuta uso. "Si maoni. Itolewe kwa hiyo video."

Brendah aliinama, akatazama kamera yake, akainuka. "Haiwezi kutolewa, mwenyekiti. Ikitolewa tunaanza upya. Na sala mmeiweka nyinyi kwa ratiba." Akamalizia kwa adabu zote. "Halafu ukumbi wote umeitikia. Wakati wa kuhamisha daraja, wa kwanza kusema amina ni wewe."

"Tumekubali," muuza chapati alithibitisha.

Akwii alisimama pale na maiki mkononi. Alifurahi mpaka akaogopa. Mwaka mzima alikuwa amezunguka ofisi hizi, anaambiwa arudi kesho, anaambiwa amwone fulani, fulani ameenda Busia. Sasa jambo limekwisha kwa sababu mtu alihitaji mwanamke kwenye video. Alitaka kwenda nyumbani amwambie Sheilah kabla mtu mwingine hajamwambia. Nje ya dirisha la nyuma Apolot alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko.

Morris aliketi, akaitia simu mfukoni.

Kisha akasimama, akaenda mpaka ukutani, ilipobandikwa ile ramani kubwa ya barabara. Aliweka kidole kwenye kituo chake cha mafuta. Akakipandisha kidole taratibu mpaka shuleni. Akakivusha lami mpaka upande wa pili, kikasimama.

Alipogeuka, alikuwa anacheka.

"Wapendwa," alisema, sauti imelainika, "mama ametubariki. Kwa kweli mimi nimeguswa. Nani anaweza kupinga mama akiomba? Daraja iende shule."

Makofi. Hata suti zilipiga. Akwii hakuamini masikio yake. Kama angekuwa ametulia, angekumbuka ni lini Morris hucheka.

"Naomba tusimame tena, dakika moja tu. Na mimi niongeze neno kwa Bwana. Brendah, hiyo kamera iko?"

"Iko, mwenyekiti."

"Tufunge macho."

Walifunga. Akwii naye alifunga, vichwa vyote vimeinama. Nani angesimama wima na macho wazi mbele ya mtu anayeomba, tena baada ya yeye mwenyewe kuitikiwa amina na ukumbi mzima?

"Baba wa mbinguni," Morris alianza. Hakuhitaji maiki. "Tunakushukuru kwa huyu mama Akwii. Wengi wanaomba, Baba, lakini wachache wanatoa. Huyu ametoa."

"Amina," alisema muuza chapati.

"Kwa sababu daraja, Baba, haisimami na mguu mmoja. Mguu mmoja utasimama kwa shule. Na ule mwingine lazima ushuke ng'ambo, mahali wanatazamana."

Akwii alikuwa amelijenga daraja hilo kichwani mwake kwa mwaka mzima. Kila usiku alilianza getini pa shule, likapanda, likavuka juu ya matrela, na Sheilah akipita juu yake bila kuharakishwa na mtu. Hata siku moja hakuwahi kuangalia linashukia wapi.

"Mguu wa pili, Baba, utashuka kwa boma la mama huyu huyu. Pale mbele ya nyumba, mahali marehemu ndugu yetu Egesa amelala. Mama hajatunyima. Ametoa nyumba. Ametoa boma. Ametoa hata kaburi ya mzee wake, ili watoto wa Malaba wavuke."

Jikoni, mwiko ulianguka.

Akwii alitaka kufungua macho. Alitaka kusema mimi sikutoa kitu, sikuulizwa kitu, huyu mtu amekuwa akiitaka hiyo ploti tangu mume wangu azikwe. Lakini mtu yumo katikati ya sala. Na akisema hapana, amesema hapana kwa daraja la mtoto wake, mbele ya ukumbi, mbele ya kamera, mbele ya Mungu waliyekuwa wanazungumza naye dakika chache zilizopita. Alimwona Egesa pale mbele ya nyumba, na Sheilah na magongo yake, na katikati yao nguzo ya saruji.

"Na ile sehemu ya ploti itakayobaki kando ya daraja, Baba," Morris alimalizia kwa unyenyekevu, "tutaitunza sisi kama kamati, isije ikakaa bure. Katika jina la Yesu."

Ukumbi ukajibu. Kofia zikajibu. Ogweno akajibu kutoka mlangoni, na Apolot akajibu jikoni kabla hajaelewa alichojibu.

Na Akwii, ambaye tangu alipoanza kusema hajawahi kuliacha jina la Yesu lipite bila kuliitikia, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani ya maiki aliyokuwa bado ameishika, ikiwa juu kuliko zote.

"Amina."

Brendah aliinua kichwa taratibu kutoka nyuma ya kamera. Alimtazama Akwii kwa muda, na usoni mwake hakukuwa na ule utaalamu tena.

"Mama," alisema, "hata hiyo imeingia."